Bubu Apiga Debe

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Natumaini limetulia na umerudi kumfukuza shemeji jikoni kama kawaida yako. Mimi mzima, ila nyayo zinawaka moto, na sababu yake ndiyo habari ya barua hii.

Nimesoma kwamba chumba changu huko kwako umekipaka rangi ya bluu na kitanda kimefika, na kwamba hutaki kisingizio kingine, maana tangu wifi yako afariki na kiwanda kifungwe nimebaki kuongea na redio. Nilikuahidi nitahamia uchaguzi ukipita. Hukuniuliza uchaguzi unanihusu nini.

Jirani yangu, fundi cherehani, aligombea udiwani. Alikuja kuazima viti, akavitazama, akanitazama na mimi, akasema viti havina miguu ya kutembelea. Basi nikaingia kwenye siasa kama mbeba viti. Kesho yake mpiga debe wake akakaukiwa na sauti, nikashikishwa kipaza sauti. Mimi, Dada! Yule uliyemwita Bubu mbele ya wageni! Neno la kwanza kunitoka lilikuwa “samahani.” Watu wakacheka, nami nikacheka, na tangu hapo wa kuninyamazisha hakupatikana.

Kisha nikatumwa nyumba kwa nyumba. Kwenye geti moja jekundu nilimwaga sera zote: taa za barabarani, mtaro, na diwani wetu anavyolala usingizi tu. Mama mwenye nyumba alinisikiliza kwa adabu, akaniongezea chai, ndipo akaniambia kwamba diwani huyo ni mumewe, na kulala kweli amelala, yuko chumba cha pili, kwa hiyo nipunguze sauti. Nikaona maji nimeshayavulia nguo, nikamwomba kura hivyo hivyo. Akasema atalifikiria.

Nilidhani nitachoka, kumbe nikaanza kuamka mapema kupiga pasi shati. Yule mwalimu jirani niliyekuwa nakulalamikia kwamba anaringa, haringi hata kidogo. Sikio lake moja halisikii, na mimi miaka yote nimekuwa nikimsalimia upande huo huo mbovu.

Tumeshindwa, Dada, tena kwa kura chache, ndiyo maana inauma. Fundi alilia kidogo, akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa, akarudi kwenye cherehani. Mimi nikateremsha begi kutoka juu ya kabati, nikaanza kukunja nguo, maana ahadi ni ahadi.

Mara hodi. Alikuwa mwalimu. Uchaguzi umekwisha, akasema, lakini maji ya mtaro bado yanaingia jikoni kwake, sasa tunafanyaje? Nyuma yake alikuja fundi na viti vyangu. Badala ya kuviacha mlangoni, akavipanga sebuleni. Wa mwisho kuingia alikuwa mke wa diwani, na chupa ya chai mkononi. Alisema bado analifikiria.

Hapo ndipo begi liliporudi juu ya kabati. Siji kuhamia, Dada. Usidhani sikupendi wala sikitaki chumba. Ni kwamba sasa hapa napigiwa hodi.

Rangi ya bluu usiifute, nitakuja kukutembelea mtaro ukishazibuliwa. Nisalimie shemeji na wajukuu. Ukitaka kunigombeza kwa simu, piga usiku. Mchana sishikiki nyumbani.

Mdogo wako,
aliyekuwa Bubu