Nati ya Kumi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo umepoa. Mama hajambo kiasi. Anakula, analala, ila amekuwa mkimya. Mimi ni mzima wa mwili. Asante kwa kufika kumzika Baba, ingawa ulisimama nyuma kabisa ya watu wote na ukaondoka kabla sijakufikia. Nilikuona.

Kazini bado nipo kwenye kile chumba cha kompyuta. Kila nati inayokazwa na mashine kule chini, namba zake zinakuja kwangu, zinahifadhiwa, nami nazichora kwenye grafu. Vitone vikikaa katikati ya mistari miwili, nakunywa chai yangu. Vikianza kuporomoka, napiga simu mashine ikapimwe. Mafundi wananiita mpiga ramli. Ungenicheka.

Zamani tulifuatilia nguvu ya kukaza tu. Miezi mitatu iliyopita bosi akasema tufuatilie pia nati inazunguka kiasi gani mpaka ikaze, kwa hiyo nichukue kumbukumbu za miaka minne nyuma nione kawaida yake ni ipi. Nikazivuta. Vitone maelfu, vyote vimejipanga vizuri, isipokuwa kimoja kilichokuwa chini kabisa. Nguvu ilifika, taa ya kijani iliwaka, lakini nati haikuzunguka hata kidogo. Maana yake, kati ya nati kumi za gurudumu, hiyo ilikuwa imeshakazwa, ikarudiwa, na mashine ikaihesabu kuwa ya kumi. Nyingine haikuguswa kabisa. Nikatazama kadi ya fundi iliyowasha mashine: yako. Nikatazama lori: ni lile lile lililochomoka gurudumu, dereva wake akakatwa mguu. Nikatazama saa: saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Kaka, saa hiyo hukuwepo kwenye mashine, na sote wawili tunajua. Ulikuwa ofisini ukinibembelezea kazi ya kudumu. Mimi nilikuwa kibarua wa kusukuma magurudumu, hata kushika mashine sikuruhusiwa. Uliniambia nisiguse kitu. Lakini kadi yako ulikuwa umeiacha pale, na mimi Kiherehere wako nikataka ukirudi ukute gurudumu limekwisha. Nati zile hukazwa kwa kurukiana, moja huku, nyingine ng'ambo, nami nikapoteza hesabu. Taa ilipowaka nikajipiga kifua. Ukarudi unacheka, ukaniambia nimepata kazi, ukaona kijani, ukasema kumbe nina mkono!

Kwenye kikao cha kuchunguza ajali, walipokuuliza kama kuna mwingine aliyeshika mashine, ulisema hakuna. Hata kunitazama hukunitazama. Nilisimama mlangoni na kofia yangu mpya ya kazi, nikanyamaza. Na Baba, aliyekuwa fundi miaka thelathini, akasema hataki kuona uso wa mtu aliyeacha nati wazi. Ukahama.

Hayo unayajua. Usilolijua ni hili. Wiki moja kabla hajafa, Baba aliniita kitandani. Akaniuliza kama kwenye hizo kompyuta zangu kuna namba za lori lile, maana moyo wake haujatulia. Haamini kwamba mkono alioufundisha mwenyewe ungeruka nati. Aliuliza kwa unyonge, Kaka, Baba yule yule wa sauti kubwa. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilishaichapa, nikawa nazunguka nayo siku zote zile. Nikamwambia kumbukumbu za zamani zilishafutwa. Akasema basi, akageukia ukutani.

Pale hatufuti kitu. Amekufa hajui.

Leo nimemweleza Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa nini sikusema wakati Baba anauliza. Hadi sasa namsikia analia chumbani. Kesho asubuhi naipeleka karatasi kwa bosi. Nakala yako nimeitia humu humu. Kazi waichukue, ilikuwa yako. Kisha nitakwenda kwa dereva. Msamaha sikuombi, sina uso huo.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu sana, na amesema niandike kama alivyosema: uje tena kaburini kwa Baba, na safari hii usimame mbele.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere