Nani Anamjibia Mume Wangu?

Jumanne, jioni

Bado sijatulia. Mchana nilimwandikia mume wangu, "Nimeteleza uani, mguu umevimba." Akajibu, "Sawa nakupenda sana."

Sawa? Wiki sita za ndoa, na huyu ndiye aliyekuwa ananitumia jumbe ndefu tamu za sauti mpaka naona aibu kuzisikiliza mbele ya wifi yangu! Nikawaza kuna mtu anamjibia. Mwanamke, pengine.

Aliporudi kutoka kwenye mashine ya kukamua alizeti, sikumpa hata pole. "Nani anashika simu yako?"

"Hakuna, Neema. Tangu alfajiri naichunga mashine isikwame. Kichwa kikichoka nabonyeza tu maneno ambayo simu yenyewe inanipendekezea."

"Kwa hiyo anayenipenda ni simu?"

Akacheka, kisha akauona mguu. Akaenda kuchemsha maji ya chumvi, akanikanda mwenyewe. Mungu wangu, mikono ile! Nikayeyuka.

Lakini sijaamini yote. Nimemwambia kesho akichoka asiandike. Apige, hata asiposema neno. Nataka tu kuisikia hiyo mashine ikinguruma nyuma yake.