Bei ya Fimbo ya Pool ya Mzee

Sakina, Arusha
12 Juni 1996

Kaka Elirehema,

Shikamoo. Sisi wazima, na duka linakwenda.

Uliniagiza nikukadirie bei ya ile fimbo ya pool ya zamani, aliyopewa Mzee wetu na wazungu wa klabu alipokuwa mpishi wao. Mwenye baa jirani yangu alisema, ikiwa nzima, atatoa laki moja na nusu. Nikafunga duka, nikapanda Akheri, nyumbani kwa Mzee, kuifuata.

Kaka, Mzee ameikata kwa msumeno ifike kiunoni!

"Mguu haunibebi," akaniambia. "Na mkongojo nilimwomba kaka yako tangu Pasaka."

Hilo hukuniandikia.

Sasa thamani yake ni elfu mbili. Ukiitaka, njoo uichukue mwenyewe, siku utakayomkuta hajaiegemea.

Mdogo wako,
Penina