Mchina wa Mtendeni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na kwa lugha ya bibi, mwangaluka mayu, maana najua barua hii utaisoma asubuhi, ukishafagia uani na kabla wanunuzi wa vitumbua hawajaanza kubisha hodi. Mguu unaendeleaje? Mdogo wangu Rehema ananiambia umeacha kwenda kuuchua kwa sababu eti umepona, halafu hapohapo ananiambia unashuka ngazi kwa kushika ukuta. Nyinyi wawili kubalianeni kwanza, ndipo mnipe habari moja. Mimi sijambo. Baridi ya Beijing inapasua midomo na inatoa damu puani, lakini ile asali uliyonifungia naipaka midomoni na nyingine nainywa na maji moto. Michembe, vile viazi vikavu ulivyonipa, iliisha zamani. Niliwagawia wenzangu kidogo, wakaimaliza yote.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yetu siku hizi si yetu. Kila nikipiga namsikia Baba Mkubwa akikohoa pembeni yako, kisha anasema, "Weka sauti kubwa, sote tusikie." Sasa nataka kusema na mama yangu peke yake. Anayekuletea barua hii ni dada mmoja wa Urambo aliyemaliza masomo ya uuguzi huku. Nimemwambia akukabidhi mkononi, na kama hukuwepo, akusubiri barazani.

Mama, nimesikia yaliyotokea kwa Baba Mkubwa siku wageni wa Nzega walipokuja na posa. Rehema kanisimulia. Kama katia chumvi utanisahihisha, maana wewe ulikuwepo.

Anasema sebule ilikuwa imejaa. Wazee wa Nzega wamekaa kwenye makochi, mshenga yuko katikati yao, pilau inasubiri jikoni. Televisheni ilikuwa imewashwa kwa ajili ya taarifa ya habari, ikapunguzwa sauti, basi ikasahauliwa. Baba Mkubwa akawa ananisifu. Akasema, "Binti yetu huyu ni mpole. Tangu utoto wake hajawahi kujibizana na mkubwa." Halafu akaona picha zinacheza kwenye kioo, akaona si adabu mbele ya wageni, akachukua rimoti aizime. Akabonyeza sipo. Sauti ikapanda hadi mwisho, na ikatoka sauti yangu mimi, Zuwena, nyumba nzima:

"Mama, mimi si gunia la mpunga useme nikilala ghalani nitaota! Na huyo mwanamume wako mwambie arudi alikotoka, hapa hakuna aliyemwita!"

Rehema anasema hata kuku uani walinyamaza. Mzee mmoja wa Nzega akauliza, "Hii si sauti tuliyoamkiana nayo kwenye simu juzi?" Mshenga akawahi kujibu, "Hapana, mzee wangu, huyo ni Mchina." Yule mzee akatazama kioo, akamtazama mshenga, akasema, "Basi Mchina huyu ni wa hapahapa kwenu Mtendeni."

Hapo, anasema, wewe uliinuka ukaenda jikoni umejiziba mdomo kwa kanga. Baba Mkubwa aliponipigia simu aliniambia ulikuwa unalia. Rehema anaapa ulikuwa unacheka mpaka ukashika kinu usianguke. Mimi simjui mkweli kati yao. Wewe ndiye utakayeniambia.

Nikueleze basi kazi yangu ilivyo, maana Baba Mkubwa ameambiwa na watu wa msikitini kwamba nacheza filamu chafu. Mimi sionekani popote, Mama. Nakaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, nimevaa hedifoni, mbele yangu kuna kioo na kipaza sauti. Kwenye kioo kuna mwanamke wa Kichina anayeitwa Yun, na Yun akifungua mdomo mimi namtia Kiswahili. Ni mchezo wa kuchekesha. Yun na wenzake watatu wamepanga nyumba moja mjini, wote wanafanya kazi, wote hawajaolewa. Kila mara mmoja wao anatoka kwenda kuonana na mwanamume, akirudi wanakaa jikoni anawasimulia yaliyomkuta, wanacheka. Mmoja alikutana na mwanamume aliyekuja na mama yake, na mama ndiye aliyeuliza maswali yote. Mwingine alipata mtu aliyejisifu tangu chai mpaka kulipa, na kulipa kwenyewe akaenda chooni asirudi. Wanaume hao nawajua, Mama. Nimewaona Tabora, sura tu ndizo zilizobadilika.

Ule mlango wa maneno uliofunguka kwa Baba Mkubwa ulikuwa hivi. Mama yake Yun anatoka kijijini kwao kwa treni bila kubisha hodi, anaingia jikoni kwa binti yake, anamwaga mezani picha za wachumba kama mtu anayegawa karata. Yun ameshika mwiko. Anaanza kusema, sauti inapanda. Sasa karatasi yangu ilikuwa imeandikwa, "Mama, tafadhali, tuongee kesho." Basi. Msimamizi wetu, Bwana Hamdani, mtu wa Tanga, aliyapunguza maneno kwa makusudi. Alisema watazamaji wetu ni watu wenye heshima zao, binti wa Kiswahili hamjibu mama yake.

Nikasema maneno yangu, nikamaliza, lakini Yun kwenye kioo bado anaongea. Mdomo unakwenda tu, hauna sauti, kama samaki. Tukarudia, ikawa vilevile.

"Bwana Hamdani," nikamwambia, "mdomo wake haujafika mwisho."

"Basi jaza."

"Nijaze nini?"

"Chochote chenye adabu."

Mama, nilimtazama yule mwanamke. Nikaziona zile picha mezani. Na mfukoni mwangu, ndani ya simu, ilikuwepo picha ya Bwana Salum wa Nzega amesimama mbele ya mashine yake ya kusaga, uliyonitumia bila neno lolote. Ndipo yakatoka hayo ya gunia la mpunga. Hayakuandikwa na mtu. Yalitoka yenyewe, na yaliingia kwenye mdomo wa Yun sawasawa, mwanzo hadi mwisho, mpaka fundi wa mitambo, Mchina asiyejua neno la Kiswahili, akaniinulia kidole gumba.

Bi Tatu, mama wa Morogoro anayeingiza sauti ya mama yake Yun, ilikuwa zamu yake kujibu. Alicheka, kisha akavua miwani akafuta macho. Ana mabinti wawili nyumbani, wa kwanza alimwoza akiwa bado shuleni na hapendi kuulizwa habari zake. Bwana Hamdani aliisikiliza tena, kisha akasema, "Imeingia. Twende mbele."

Kwa hiyo Baba Mkubwa aliponipigia, nilikwishajua nini cha kumwambia. Alisema, "Zuwena, umetuvua nguo. Utawapigia wale wazee uwaombe radhi. Waambie maneno yale ni ya yule Mchina, wewe umelipwa kuyasema tu. Kisha mkataba ukiisha urudi nyumbani."

"Baba Mkubwa, maneno yale ni yangu."

"Unasema nini?"

"Nasema ni yangu. Yule Mchina hakusema habari za mpunga."

Akakata simu.

Ningeweza kumpa ule uongo, Mama. Ulikuwa karibu, umeiva, wa kuchuma tu. Lakini nimechoka watu kunisemea. Yeye amesema mimi mpole, mshenga amesema mimi Mchina, wazee wa Nzega wameambiwa nimekubali. Mwenye sauti ni mimi, nalipwa kwa sauti, na kwenye jambo langu mwenyewe ndipo nisisikike?

Ananiambia mwanamke akikaa mbali sana anaharibika. Bibi yako alikuwa akikusimulia, nawe ukatusimulia sisi, kwamba zamani kwetu Unyamwezi kijana hakuhesabiwa kuwa mwanamume mpaka abebe mzigo afike pwani arudi. Miezi na miezi njiani, kwa miguu, na wengine walirudi baada ya miaka. Aliporudi hakuna aliyemwambia ameharibika. Walimpigia vigelegele, wakamkalisha aeleze alivyoiona bahari. Basi mimi nimefika mbali kuliko pwani. Na wanawake nao walikuwepo kwenye misafara ile, wamejitwika vyungu na watoto mgongoni, ila hao hakuna anayewataja. Nikirudi, nitakaa kitako nieleze niliyoyaona, na atakayetaka kunisikiliza atasogea.

Sasa jambo ambalo Baba Mkubwa bado hajalijua, nataka ulijue wewe kwanza. Nilimpigia Bwana Salum. Usimgombeze Rehema, namba nilimlazimisha anipe.

Nikamwamkia. Akauliza, "Zuwena yupi? Yule wa kwenye televisheni?"

"Ndiye. Nimepiga nikwambie mwenyewe, kwa heshima, kwamba sikuwahi kukubali posa yako."

Akasema, "Dada, mimi niliambiwa umekubali tangu Ramadhani. Nikaambiwa unahesabu siku za kurudi."

"Sijaulizwa hata mara moja, bwana."

"Basi tumedanganywa wawili. Na mke wangu wa tatu," akasema, nami nikashtuka, naye akacheka. "Yaani mke wangu ndiye mdanganywa wa tatu. Nilimwambia mwenzake anakuja kwa ridhaa. Alilia wiki nzima, maskini, bure."

Nikamwomba radhi kwa aibu waliyoipata wazee wake. Akasema aibu si yangu. Akasema Ijumaa atamtuma mshenga kurudisha maneno, kwa adabu, bila kelele, na atasema ni yeye aliyebadili nia ili nyumba yetu isisemwe. Nikamkatalia hilo. Nikamwambia, "Sema ukweli. Sema binti hakutaka." Akafikiri, akajibu, "Haya. Binti hakutaka." Halafu kabla ya kuaga akaniuliza kama yule mama yake Yun ataacha kuja na picha, maana yeye na mkewe hawakosi mchezo ule, na mkewe huwa anamzomea yule mama.

Ni mtu mwema, Mama. Nasema kwa kinywa changu, ni mtu mwema, na bado sikumtaka. Yote mawili yanakaa kwenye kapu moja bila kugombana.

Najua hofu yako. Uliniambia siku ile uwanja wa ndege, ukijifanya unanifungia kilemba: "Nikifa mimi, utalia begani kwa nani?" Sitakudanganya kwamba huku kuna mabega. Kuna jioni natoka kazini theluji imefunika baiskeli zote, watu wanapita wawiliwawili, nami narudi chumbani kupasha wali wa jana. Na nimejaribu pia, usifikiri nimekaa tu. Nilikwenda kula na kaka mmoja wa Dodoma anayesoma uhandisi. Kabla chakula hakijafika akaniuliza kama najua kupika mlenda, kilipofika akaniuliza kama nina mpango wa kuacha kazi nikizaa. Nikamwambia alichonacho yeye si njaa ya mke, ni njaa ya nyumbani, akapige simu kwa mama yake. Niliporudi nikamsimulia Bi Tatu, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini upweke huo ni wangu, nimeuchagua, nazijua pembe zake. Upweke wa kulala ubavuni mwa mtu uliyepewa siujui, na wewe unaujua. Sijasahau sauti yako ulipokuwa ukiimba peke yako kinuni, wakati marehemu Baba amekaa siku nyingi bila kusema nawe neno. Uliolewa kwa kikao cha sebuleni hukohuko, na mwenye kukaa kwenye kiti kikubwa alikuwa ni huyohuyo Baba Mkubwa, kijana bado. Hukuwahi kuniambia nifanye nini. Nami sikuulizi ulijuta au hukujuta. Nasema tu kwamba kikao kile kwangu hakitakaa tena. Nikimpata mwanamume nimpendaye nitakuja naye mwenyewe, mchana kweupe, tutapita barabara ya sokoni watu waone. Nisipompata, nitapita barabara hiyohiyo peke yangu.

Mkataba nimeuongeza mwaka mmoja. Nimetia saini, wino umekauka. Wachina wamekubali mchezo uendelee, na Bwana Hamdani siku hizi ananipa karatasi za wenzangu nisome kwanza niseme kama midomo itajaa. Likizo nitakuja nyumbani kabla ya mvua za mwisho. Nitafikia kwako, nitalala kitanda kimoja na wewe kama zamani, na Baba Mkubwa nitakwenda kumwamkia mwenyewe, nimpigie magoti kama mtoto kwa mzee wake. Radhi ya heshima nitaomba. Maneno siyarudishi.

Nisalimie Rehema, mdogo wangu mmbeya ninayempenda. Mwambie simu anayoitaka nimeiona. Nisalimie Bi Mwanahawa jirani yetu mfuma mikeka, na shangazi wa Ulyankulu akija mjini mpe ile kanga ya zambarau niliyoiacha sandukuni. Msalimie mke wa Baba Mkubwa, aliyepika pilau ile ikaliwa kwa ukimya. Na Baba Mkubwa mwenyewe mfikishie shikamoo yangu, nzima, haina nyongeza.

Mungu akupe afya. Ni mimi binti yako, mzima, mwenye kazi, asiye na mume,

Zuwena