Mabawa Hayakutikisika

Voi,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu kutoka hapa Voi, ambako jua limeamua kutukaanga bila mafuta. Mimi ni mzima. Je, goti lako? Na zile mbaazi, ngedere wamekubakishia hata za kupanda? Naandika kwa herufi kubwa kama ulivyoniagiza. Tangu masikio yako yakatae kazi, kalamu ndiyo simu yetu, nami sasa nimezoea.

Baba, siku imefika. Alhamisi hii nitarusha ndege safari ndefu peke yangu, bila Mwalimu Phineas kando yangu. Nitatoka Voi, nizunguke mlima Kasigau, niende mpaka Taveta, kisha nirudi Voi. Nikifaulu nitabakiwa na mtihani mmoja tu kabla ya leseni. Nikiharibu, shule yetu haina mchezo, kuna watu kumi wanaongojea kiti changu.

Nitapita juu ya Makwasinyi, hapo kwetu chini ya mlima, kama saa nne asubuhi. Ndege ni nyeupe, ina mstari wa bluu. Toka nje utazame juu. Nyuma ya karatasi hii nimeandika namba ya simu ya Mwalimu, endapo kutakuwa na haja, ingawa najua wewe na simu hampikiki chungu kimoja.

Binti yako,
Wakesho

*

Makwasinyi,
Jumanne, 4 Februari 2025

Mwanangu Wakesho,

Salamu nyingi. Barua yako Sylus wa basi ameileta ikiwa na alama ya kikombe cha chai, lakini inasomeka. Goti lipo, linauma kwa zamu. Ngedere wamekula, na bado wananitazama kana kwamba mwizi ni mimi.

Nimefurahi, na sitaficha. Lakini nina swali moja. Redio ikinyamaza huko juu, utafanya nini? Usiniambie redio za siku hizi hazinyamazi. Nilikaa stesheni ya Voi miaka ishirini na sita, na simu ya reli ilikuwa ikikatwa na tembo leo, na wezi wa waya kesho. Hatukukaa chini kulia. Tulikuwa na bendera, taa na saa ya ukutani. Treni ikipita, nilikuwa natazama behewa la mwisho nihakikishe imepita kamili, naandika saa, halafu naarifu stesheni ya mbele. Treni isiyoandikwa na mtu imepotea, hata kama bado inakwenda.

Kwa hivyo tukubaliane. Nitasimama kwenye jiwe kubwa juu ya shamba na bendera yangu ya kijani. Ukiwa salama, tikisa mabawa mara mbili. Kukiwa na jambo, liwe dogo au kubwa, usitikise. Usinitikisie ili nifurahi. Ishara ya uongo niliiona ikiua watu wawili, na sijasahau majina yao.

Baba yako,
Obadiah

*

Voi,
Ijumaa, 7 Februari 2025

Kwa Baba,

Salamu zangu leo ni fupi, unisamehe. Mimi ni mzima wa mwili.

Redio ilikufa, Baba. Nilikuwa nimeshaukaribia mlima, nikamwita Mwalimu kumpa mahali nilipo, kukawa kimya. Nikaongeza sauti, nikachomoa waya wa visikizio na kuurudisha, nikakagua fyuzi, nikabadilisha masafa. Kimya. Tulifundishwa kwamba usiposikia, sema tu. Sema hewani uko wapi na unakwenda wapi, kwa sababu huenda yuko anayekusikia hata kama wewe humsikii. Nikasema kila kitu mara mbili, kwa sauti, kama mwendawazimu anayeongea na kiti.

Kanuni ni kwamba usiendelee na safari, utue mahali pa karibu panapokufaa. Kwangu mimi hapo palikuwa Voi. Nilipofika juu ya Makwasinyi ili nigeuze, nilikuona kwenye jiwe, na bendera. Kutikisa mabawa ni kazi ya sekunde tatu. Nilijua usipoona mabawa yakitikisika utakufa kwa hofu. Sikutikisa. Niligeuza nikarudi, na nililia kidogo, nakuambia wewe peke yako.

Hofu yangu kubwa ilikuwa ndege ya watalii inayotua Voi saa nne na nusu. Wao hawangenisikia, nami singewasikia. Lakini nilipofika niliikuta iko juu, inazunguka, inangoja. Uwanja ulikuwa mtupu, na Mwalimu Phineas alikuwa amesimama pembeni ameshika taa ya ishara, ya kijani, yaani tua, ameielekeza kwangu. Nikatua. Mwalimu anasema alipigiwa simu na mzee mmoja mkali aliyekataa kuulizwa swali hata moja, ndipo akaiambia ile ndege ingoje. Baba, ni wewe?

Sasa sikia balaa. Fundi Kitheka aliiwasha ile redio ndege ikiwa imeegeshwa, ikaongea vizuri kabisa. Mkuu wa shule, Kapteni Mulinge, anasema niliizima mwenyewe ili nishuke nikasalimie watu wa kwetu. Amenisimamisha. Jumatano watakaa kikao kuamua kama nitarusha ndege tena. Wenzangu wananishauri nikubali kosa, nilie, niombe msamaha. Baba, nifanyeje?

Binti yako,
Wakesho

*

Makwasinyi,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu,

Natumaini umelala na umekula. Kama hujala, weka barua hii chini, ule kwanza.

Ndiyo, ni mimi. Nilikuona ukija, nikapunga bendera mpaka bega likalia. Mabawa yakanyamaza. Kisha badala ya kwenda Taveta ukageuka ulikotoka. Nikatazama saa, nikaandika kwenye daftari langu, halafu nikaanza kupanda kule kwenye mawe ambako simu hushika mtandao. Goti lilisema halitaki, nikaliambia hatujaulizana. Daisy wa jirani, ambaye hunipigia simu, alikuwa shuleni anafundisha. Nilikuwa peke yangu.

Nikapiga ile namba. Sasa, mtu asiyesikia atajuaje kama amepokelewa? Nilihesabu mpaka kumi nikasema, "Mimi ni baba yake Wakesho. Sisikii, kwa hivyo usinijibu. Andika. Ndege yake imepita Makwasinyi saa nne na dakika sita, haikutoa ishara ya usalama, inarudi Voi. Moshi hakuna, imenyooka. Msafishieni njia." Nikakata, nikapiga tena, nikasema yale yale. Nikarudia mara tatu, maana ile ya kwanza huenda nilikuwa nahubiria kampuni ya simu. Halafu nikakaa kwenye jiwe nikiwa sijui kama nimesikiwa na binadamu yeyote. Daisy aliponiletea habari kwamba umetua, ilikuwa saa nane. Masaa manne hayo, mwanangu, sitaki kuyarudia. Lakini ungetikisa ili kunituliza, ningerudi kupalilia mbaazi, na ile ndege nyingine ingeshuka kichwani kwako. Ulifanya sawa.

Kuhusu kikao, usikubali kosa ambalo hukulifanya. Ukikubali leo ili wakuhurumie, litakufuata mpaka uzeeni. Nimechana ukurasa wa daftari langu, umo ndani ya bahasha. Uwasomee.

Na umwambie huyo Kitheka hivi: hata sisi simu ya stesheni ilikuwa ikikatika wakati treni nzito inapita. Fundi akija na kuijaribu kwenye utulivu, nzima! Ilituchukua mwezi kugundua waya umelegea kwa nyuma. Awashe injini, aiache itetemeke vile inavyotetemeka angani, kisha ndipo aijaribu redio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sisikii la mkuu wala la mdogo, na guu langu bado liko, lakini yeye ana masikio mawili.

Baba yako,
Obadiah

*

Voi,
Jumamosi, 15 Februari 2025

Kwa Baba mpendwa,

Salamu, salamu, na salamu tena! Nimekula, kabla hujauliza.

Niliingia kikaoni na ukurasa wako. Kapteni Mulinge alitaka kuuweka kando, akasema daftari la mzee wa shamba si ushahidi. Nikamwambia huyu mzee wa shamba ameandika treni miaka ishirini na sita. Nilisimama mpaka akausoma. "Saa 4:06. Ndege nyeupe, mstari wa bluu. Iko juu, haikushuka. Mabawa hayakutikisika. Imegeuka kuelekea Voi." Mwalimu Phineas akauliza, "Kapteni, kama alikwenda kusalimia kwao, mbona hakusalimia?"

Kapteni akauchukua ukurasa, akausoma tena.

Nikaomba injini iwashwe. Kitheka alinung'unika, akawasha. Dakika tano, redio inaongea. Dakika kumi, inaongea, na Kapteni ameanza kutazama saa yake. Nikasisitiza isizimwe. Kwenye dakika ya kumi na saba ikafa, kimya kabisa, mbele ya macho yao wote. Waya ulikuwa umelegea kwa nyuma. Kitheka ameniomba radhi na kuniagiza nikuulize kama reli bado ina nafasi ya fundi.

Nitairudia safari Alhamisi ijayo, njia ile ile, ndege ile ile. Sitakudanganya, jana niliiwasha na kuizima ile redio mara sita. Lakini ninakwenda. Beba bendera.

Binti yako,
Wakesho

*

Makwasinyi,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Mwanangu,

Goti zima, na salamu nyingine baadaye, Sylus anapiga honi. Nimenakili kutoka daftarini upesi ili barua ikukute Voi ukirudi.

Saa 4:09. Ndege nyeupe, mstari wa bluu. Imetoka Voi, inakwenda Taveta. Mabawa yametikisika mara mbili. Kisha mara ya tatu, ambayo hatukukubaliana, nami nimeiandika hivyo hivyo.

Imepita kamili.

Baba yako