Nimemfichia Babu Kisirani Maradhi Yake kwa Miaka Mitatu

Mshauri wetu, nakusalimu kwa heshima, na naomba unishike mkono kwa hili maana peke yangu limenishinda. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, kazi yangu ni kutunza vifaa kwenye kipindi cha vichekesho cha runinga ambacho mwaka huu kinatimiza miaka ishirini, yaani kila kikombe, simu, fimbo na miwani unayoiona mikononi mwa waigizaji imepitia kwangu kwanza, ndiyo maana pale studio wananiita Mama Vikombe. Watazamaji wanampenda zaidi mzee anayeigiza Babu Kisirani, yule anayegombana na kila mtu na kusoma gazeti amelishika juu chini, na mimi nampenda kama baba, maana ndiye aliyenitoa kwenye kufagia ukumbi akasema, "Huyu ana macho, mpeni kazi ya maana."

Sasa mshauri, lile gazeti. Watu wanadhani ni mzaha uliotungwa na waandishi, kumbe miaka mitatu iliyopita mzee alianza kusahau maneno yake, akanivuta pembeni jasho linamtoka, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi niibandike ndani ya gazeti, nami kwa haraka nikaibandika kichwa chini miguu juu, ikabidi aligeuze gazeti zima mbele ya kamera ndipo asome, na watu waliokuja kutazama wakacheka mpaka wakashika mbavu, basi waandishi wakalipenda na tangu siku hiyo likawa lake. Kutoka hapo nikawa namwandikia kila mahali, ndani ya kikombe, nyuma ya kopo la sukari, hata mgongoni kwenye aproni ya mama anayeigiza mkewe, ndiyo maana kila mara humwambia, "Hebu geuka nikuone," na sasa nasikia wanandoa wanaambiana hivyo majumbani wakidhani ni mahaba.

Tumecheka naye sana mambo haya. Lakini mwezi uliopita, wakati wa mapumziko, nilimkuta peke yake kwenye ile sebule yetu ya uongo, kafungua mlango wa chumba cha kulala, mlango ambao nyuma yake hakuna chumba, ni mbao na nyaya tu, kasimama anaangalia. Akaniuliza, "Nani kahamisha kitanda changu?" Nikacheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania, mshauri. Alipozinduka alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwanangu, usimwambie mtu, na hasa binti yangu. Wakijua watanitoa, na mimi bila kazi hii ni maiti." Nikaapa.

Wiki iliyopita huyo binti yake, mwalimu, anayeishi naye, alikuja kumchukua, akaniuliza mlangoni, "Dada, baba huku yukoje? Nyumbani kaacha jiko linawaka mara mbili." Nikamjibu, "Mzee yuko imara kuliko sisi sote." Akashukuru, akatabasamu, akaenda zake. Juu ya hayo, kituo kinaandaa kipindi maalumu cha siri za nyuma ya kamera, na mtangazaji kaniganda kama kupe. Kwamba bomba letu la jikoni halitoi maji na chai wanayokunywa ni maji yenye sukari iliyounguzwa, hayo niko tayari kumweleza, ila yeye anataka kujua lile gazeti lilianzaje. Nikisema, nimemuuza mzee wangu. Nikinyamaza, na likatokea la kutokea nyumbani kwake, uso wangu nitauweka wapi?

Mama Vikombe

MSHAURI ANAJIBU

Mama Vikombe, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikashindwa. Hukuanza kwa ubaya: mtu aliyekuinua aliteleza, ukamdaka. Nami ningefanya hivyohivyo.

Lakini jiko, dada yangu! Binti kakufuata mwenyewe mpaka mlangoni, kakutajia moto, nawe ukamrudisha nyumbani na tabasamu. Hapo ulikosea, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kusahau maneno ya kuigiza ni siri ya kazi, unaweza kuifunika kwa karatasi na gundi. Kutojua kitanda chako kiko wapi ni maradhi, na mficha maradhi kilio humuumbua. Kile kiapo mwanzoni kililinda heshima yake; leo kinamlinda nani?

Mwendee mzee mwenyewe kwanza, asubuhi, akili ikiwa imetulia, na isiwe studio. Usizunguke mbuyu. Mwambie, "Baba, hili nimekutunzia kadiri nilivyoweza, sasa limenizidi. Twende tumwambie binti yako, mimi na wewe." Akikasirika, mwache akasirike. Akikataa, mwambie waziwazi kwamba kabla ya Jumapili utasema wewe, na kweli useme. Kisha aende hospitali, maana kusahau kwingine kuna chanzo kinachotibika, na kwake ni kupi hujui, wala mimi sijui. Wewe ni fundi wa vifaa, si daktari. Mtangazaji mpe bomba na chai, atashiba. La gazeti ni la mzee, akitaka atalisema kwa kinywa chake.

Na ukishasema usikimbie. Hapo ndipo atakapokuhitaji.

NYONGEZA

Jibu hili nilimpelekea Mama Vikombe mkononi miezi mitano iliyopita, na leo nalichapa kwa ruhusa ya mzee na binti yake. Mzee alinuna siku mbili, kisha akamwambia binti mwenyewe, Mama Vikombe akiwa kakaa pembeni. Binti hakushukuru. Alisema, "Nilikuuliza, dada, ukanidanganya machoni," na kwa wiki tatu hakupokea simu zake. Ana haki. Sasa wanapokezana kumpeleka kliniki. Madaktari wamesema haya hayatarudi nyuma, ila yanaweza kwenda polepole.

Siku yake ya mwisho kurekodi, mzee aliomba kipaza sauti akawaambia waliojaa ukumbini: "Wapenzi wangu, nimeanza kusahau watu. Mkinikuta njiani nikawapita, msiseme Babu ana maringo. Nisalimieni ninyi kwanza, na mnitajie majina yenu."

Walipanga foleni palepale, mmoja mmoja, wakamshika mkono na kumtajia.