Kioo Chako na Mkebe wa Biskuti

Mke wangu, salamu kwanza, lawama baadaye.

Usikitafute kioo chako cha mkono. Nimekipasua ~~kwa bahati mbaya~~ kwa ajili ya elimu. Vaa viatu jikoni.

Asubuhi niliwaundia wajukuu darubini ya boksi na vipande vya kioo, waone jinsi nuru inavyodunda kiooni na kuvuka ukuta. Yule mdogo akaielekeza juu ya kabati, akauona mkebe wa biskuti ulizotuambia zimekwisha.

"Babu, kumbe bibi husema uongo?"

Nikakusitiri. Nikamwambia umewawekea wageni.

Akamshika dada yake mkono, wakatoka nje, wakabisha hodi. Ningewafukuzaje wageni?

Chai imo kwenye chupa. Tumekwenda sala ya adhuhuri. Mkebe nimeuosha.

Babu wa wageni wako